Muulize Shangazi: Zamu ya chai, mguu wa kwanza na noti za Uskoti

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wageni wa Uingereza na Uskoti, na waliooa au kuolewa huko. Nimezifupisha, na majina nimeyaficha kama mlivyoomba. Kwa asiyenifahamu: mimi ni nesi mstaafu, Yorkshire nimeolewa, Yorkshire nimezika mume, na Yorkshire bado nipo.

Shikamoo Shangazi. Nimeanza kazi katika ofisi moja hapa Leicester. Siku ya kwanza wenzangu waliniuliza kama nataka chai, nikashukuru, nikaletewa. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Nikasema moyoni, hawa watu wana roho nzuri. Sasa ni mwezi wa pili, wananitazama kwa jicho la pembeni na chai siletewi tena. Sijamtukana mtu, sijachelewa kazini. Nimekosa nini?
— Asiyejua kosa lake, Leicester

Marahaba mwanangu. Umekunywa chai za watu mwezi mzima na jikoni hujakanyaga, ndilo kosa lako. Ile haikuwa takrima. Ilikuwa zamu, na yako ilishapita zamani.

Hakuna atakayekuambia. Mwingereza atakuelekeza njia ya stesheni mpaka akufikishe mlangoni, lakini kukuambia "leo ni wewe" hawezi, anaona amekuvunjia heshima. Anaweka hesabu kichwani kama mwenye duka na daftari la mkopo, huku anatabasamu. Siku daftari likijaa, tabasamu linabaki na chai inakatika.

Dawa yake ni nyepesi. Kesho kwenye saa nne asubuhi inuka, sema kwa sauti ya kusikika: nani anataka chai? Uliza wote waliomo chumbani, hata yule msiyeelewana, maana kumruka mtu kwenye chai ni kutangaza ugomvi. Chukua kikaratasi uandike: huyu maziwa bila sukari, yule sukari mbili, yule kahawa nyeusi. Angalia vikombe. Kila mmoja ana chake, na kile chenye picha ya mbwa au nembo ya timu ya mpira usimpe mtu mwingine. Kipakiti kimoja cha majani kwa kila kikombe, maji yawe yametoka kuchemka hapo hapo, acha ikolee, toa kipakiti, ndipo umimine maziwa kidogo ya baridi kutoka kwenye friji. Najua. Wewe umezoea maziwa yachemke pamoja na majani, tangawizi na iliki, na hii yao unaiona ni maji ya kusuuzia sufuria. Wapikie wanavyotaka wao. Ya iliki ipeleke kwenye chupa siku nyingine, uone kama itabaki.

Sheria hiyo hiyo inatawala baa. Ijumaa wakitoka kazini, mmoja ananunua vinywaji vya meza nzima, halafu mwingine, mpaka mzunguko ukamilike. Anayeaga kabla zamu yake haijafika anakumbukwa miaka. Kama dini inakukataza kumnunulia mtu pombe, sema kabla hujapokea glasi ya kwanza: mimi nitajinunulia mwenyewe. Hakuna atakayenuna. Wananuna ukipokea kwanza ndipo ukumbuke dini.

Na hili nakuwahi kabla halijakukuta. Siku yako ya kuzaliwa usikae unasubiri keki, maana mwenye kuzaliwa ndiye anayeileta. Pita dukani asubuhi, iweke karibu na birika, watangazie kwamba ipo. Wao watakupa kadi iliyotiwa sahihi na ofisi nzima. Hiyo kadi huwa inazungushwa kwa siri ndani ya bahasha, na mara nyingine bahasha ina sarafu za mchango wa zawadi. Ikikufikia ya mwenzako, tia sahihi, tia pauni mbili, mpitishie jirani wakati mwenyewe ameenda msalani. Usiihesabu iliyomo, wanakuona.

Shangazi, mimi ni mwanafunzi hapa Edinburgh, kijana mrefu, mweusi. Jirani yangu, bibi wa Kiskoti, ameniomba usiku wa tarehe 31 Desemba nisiingie kwake mpaka saa sita ipite, kisha nibishe hodi nikiwa na kipande cha makaa ya mawe mkononi. Rafiki zangu wengine wanasema ni ubaguzi, wengine wanasema ni uchawi. Niende?
— Mrefu wa ghorofa ya tatu

Nenda, na upige pasi shati.

Usiku huo kwa Waskoti unaitwa Hogmanay, na kwa muda mrefu ulikuwa mkubwa kuliko Krismasi. Kanisa lao baada ya Mageuzi ya Kiprotestanti liliiona Krismasi ni mambo ya Kikatoliki, watu wakaenda kazini tarehe 25 Desemba kama siku nyingine, na haikuwa sikukuu ya umma Uskoti mpaka mwaka 1958. Furaha yote wakaihamishia kwenye mwaka mpya. Ndiyo maana mpaka leo tarehe 2 Januari nako ni mapumziko kwao, Waingereza wakiwa wamesharudi kazini wamevimba macho.

Sasa, anayevuka kizingiti wa kwanza baada ya saa sita ndiye anayeileta bahati ya nyumba kwa mwaka mzima, na anayetakiwa ni mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi. Sababu wanayoisimulia ni ya Waviking: zamani mwanamume wa nywele za dhahabu akigonga mlango usiku, alikuwa na shoka. Mwenye nywele nyekundu hatakiwi, na mwanamke ni nuksi kabisa, kwa hiyo mimi shangazi yako ningeachwa kwenye theluji. Wewe una urefu, una nywele, na unakaa ghorofa hiyo hiyo. Bibi wa watu angemtafuta nani?

Ubaguzi upo, mwanangu, na milango utakayofungiwa kwa rangi yako utaitambua bila kuelekezwa. Huu umefunguliwa kwa sababu hiyo hiyo, bei ya rangi yako imepanda kwa usiku mmoja. Mimi ningeuza.

Mikono mitupu usiende, hilo ndilo baya kuliko yote. Makaa ni kwa ajili ya moto usizimike, na zamani waliongeza chumvi, mkate, na keki nzito ya matunda makavu wanayoiita black bun. Wengi siku hizi wanabeba boksi la biskuti za siagi za Kiskoti na chupa ya wiski. Wewe beba makaa aliyokuomba na biskuti. Ingia, mtakie heri ya mwaka mpya, mkabidhi, kaa. Atakumiminia wiski kabla hujavua koti. Kama hunywi, omba chai, ila kitu lazima kipite kooni kabla ya kutoka. Na usishangae wenye milango mingine ya ngazi hiyo wakikuvuta mkono. Uskoti nzima hakuna kazi ya bure yenye chakula kingi kama hii.

Shangazi, shikamoo. Mama mkwe wangu alikuwa mwalimu wa fizikia, kanisani haendi, anacheka wanaosoma nyota. Lakini akimwona yule ndege wa jamii ya kunguru, mweusi kwa mweupe, akiwa peke yake, anamsalimia kwa sauti na kumuuliza hali ya mke wake! Juzi nimeweka boksi la viatu vipya mezani, akapiga ukelele kama ameona nyoka. Naishi na nani mimi?
— Bi harusi, Norwich

Marahaba. Unaishi na Mwingereza wa kawaida.

Ndege huyo anaitwa magpie, na kuna shairi la kuhesabu ambalo watoto wote wanalijua: mmoja ni huzuni, wawili furaha, watatu mtoto wa kike, wanne wa kiume, watano fedha, sita dhahabu, saba siri ya kutotolewa. Mama mkwe wako akimwona mmoja, anamuulizia mkewe ili wahesabike wawili, huzuni iwe imepigwa chenga. Wapo madereva wa malori wanaopunga mkono kwenye usukani. Marehemu mume wangu, aliyekuwa hamwamini daktari wala askofu, alikuwa anagusa kofia.

Viatu vipya mezani ni mauti. Huku kwetu kwenye nchi ya machimbo ya makaa ya mawe wanasema mchimbaji akifia shimoni, buti zake ziliwekwa mezani nyumbani, kwa hiyo anayeweka viatu hapo anaita msiba. Viondoe, omba radhi, yaishe. Mwavuli usiufungue ndani ya nyumba. Chini ya ngazi usipite, na hapo nakubaliana nao kabisa, maana juu yake kuna mtu ana ndoo ya rangi. Ukisema jambo jema, mathalani "mwaka huu sijaugua", gusa mbao, na mbao ikikosekana watu wanagusa kichwa chao wenyewe. Kinyume na ulivyolelewa, paka mweusi akikatiza mbele yako hapa wengi wanaona ni heri.

Kama unadhani ni mambo ya bibi yako mmoja, nenda London kwenye Mnara. Pale wanafuga kunguru wakubwa weusi, wasipungue sita, kwa sababu ipo hadithi kwamba wakiondoka ufalme utaanguka. Wana mtumishi wao rasmi mwenye sare, wanalishwa nyama, na mabawa yao hupunguzwa manyoya wasiruke mbali. Dola yenye silaha za nyuklia, na bado idadi ya kunguru inaangaliwa. Mwache mama mkwe amsalimie ndege wake.

Kuhusu swali lako la pembeni kama ni dhambi wewe kumsalimia: mimi si shekhe wala padri. Ila hakuna aliyekulazimisha uitikie.

Shangazi, kwa nini tarehe 5 Novemba mtaa wetu wamechoma sanamu ya mtu, na watoto wanashangilia? Mwanangu wa miaka mitano hajalala.
— Mama Bradford

Ni Guy Fawkes. Mwaka 1605 yeye na Wakatoliki wenzake walificha mapipa 36 ya baruti chini ya Bunge wamlipue Mfalme James wa Kwanza. Akakamatwa usiku wa kuamkia tarehe 5 akiwa analinda mapipa, na nchi haijasahau. Mpaka leo, kabla mfalme hajafungua Bunge, walinzi wa jadi hushuka na taa kukagua vyumba vya chini, japokuwa polisi na mbwa wao wameshakagua. Mwanao mpe parkin, keki yetu ya Yorkshire ya unga wa oti, tangawizi na asali nyeusi ya miwa, umzibe masikio, mwaka ujao atakuamsha yeye. Kama una paka, mfungie ndani mapema.

Shangazi, nilifanya kibarua Aberdeen nikalipwa taslimu noti za Uskoti. Nimerudi Luton, dukani wamenikatalia noti ya pauni 20 mbele za watu, kana kwamba nimeichapa mwenyewe. Si pauni ile? Na pia, mbona mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili, siku isiyo na kichwa wala miguu?
— Mbeba mizigo

Ni pauni, thamani moja, hasara huna. Uskoti kuna benki tatu za biashara zinazochapa noti zake zenyewe: Bank of Scotland, Royal Bank of Scotland na Clydesdale. Kila noti lazima iwe na kinga, na sehemu ya kinga hiyo imo Benki Kuu ya Uingereza kwa noti ambazo wewe na mimi hatutazishika: moja ina thamani ya pauni milioni 1, nyingine ya pauni milioni 100. Ziko ndani ya kuba zimetulia. Mwenye duka, hata hivyo, halazimiki kisheria kupokea noti yoyote ile, ya Uskoti wala ya London. Yule binti wa kaunta hajaiona, anaogopa kukatwa mshahara ikiwa bandia, basi. Usibishane naye, peleka benki unakoweka akiba, wataiingiza bila neno. Safari nyingine badilisha kabla ya kupanda treni.

Tarehe 6 Aprili ina kichwa na miguu, ila vimechimbiwa. Zamani mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, siku ya Bikira Maria kupashwa habari, na ndiyo siku kodi za mashamba na madeni vilipohesabiwa. Mwaka 1752 waliacha kalenda ya kale wakafuata ya Papa Gregori waliyokuwa wameikataa tangu 1582. Kalenda zilikuwa zimeachana siku 11, kwa hiyo watu walilala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Hazina haikukubali kupoteza siku 11 za mapato. Ikazisukuma mbele, 25 Machi ikawa 5 Aprili, na hapo ndipo vitabu vinapofungwa mpaka leo. Wewe kumbuka hili tu: pauni 12,570 za kwanza za kipato chako ndani ya mwaka huo hazikatwi kodi ya mapato. Kibarua wa miezi michache mara nyingi amekatwa kupita kiasi, na anayedai ndiye anayerudishiwa. Dai.

Na usiniandikie Februari kwa furaha kwamba halmashauri imekusahau. Kodi ya halmashauri kwa kawaida inagawanywa mafungu kumi, Aprili hadi Januari. Februari na Machi wanakupumzisha, halafu wanarudi na bei mpya.

Shikamoo Shangazi. Bosi wangu ametualika nyumbani kwake chakula cha Krismasi, mimi, mume wangu na watoto wawili. Sisi ni Waislamu. Tubebe nini, tule nini, tuondoke saa ngapi? Sitaki kuonekana mshamba wala kula haramu.
— Mama wawili, Leeds

Marahaba mwanangu. Mwaliko wa siku hiyo si mdogo. Wengi wanaufungia milango na ndugu zao wa damu, kwa hiyo bosi wako amekupenda, na kwa sababu amekupenda mwambie ukweli sasa hivi, si siku yenyewe mbele ya sahani.

Mtajie moja moja, maana yeye atadhani kukwepa nguruwe ni kutokula hemu. Bata mzinga hajachinjwa kihalali, na vitu vilivyojazwa tumboni mwake mara nyingi vina soseji ya nguruwe. Kuna vijisoseji vilivyoviringishwa bekoni, watoto watavikimbilia vya kwanza kabisa. Viazi vya kuoka hupikwa na watu wengi kwa mafuta ya bata bukini, na mchuzi umetoka kwenye nyama. Pudini ya Krismasi, ile nyeusi ya zabibu, ina mafuta ya ng'ombe na pombe ndani yake, halafu juu wanamwagia brandi na kuiwasha moto. Mince pie, kile kipai kidogo cha matunda makavu, siku hizi haina nyama, lakini mafuta na brandi humo vinaweza kuwemo, soma boksi. Kinachobaki ni karoti na vile vikabichi vidogo vya Brussels, ambavyo hata wao hawavipendi, wanavila kwa adabu.

Kwa hiyo jitolee kuleta kuku wawili wa kuoka wa halali kwenye trei yenu, na umwombe akuokee viazi vyenu kwa mafuta ya kawaida. Atapumua. Mwenyeji wa Kiingereza anaogopa sana mgeni mwenye njaa, na anaogopa zaidi kuuliza.

Yorkshire pudding ikiletwa, uliza imeokwa kwa mafuta gani. Yenyewe ni unga, mayai na maziwa tu, inafura pembeni na katikati inabaki shimo la mchuzi. Wenye msimamo mkali wanasema ni ya nyama ya ng'ombe, haikai na bata mzinga, na mezani watabishana, wewe kaa kimya. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliileta peke yake kabla ya chakula, kubwa kama sahani, imefurika mchuzi. Mtindo wa kale wa huku. Mtu ajaze tumbo kwa unga, nyama ikija awe hana nafasi, ibaki ya Jumatatu. Alikuwa anamtazama kila mgeni mpaka amalize. Aliyemaliza mbili alipendwa sana, maana alikula kipande kimoja cha nyama.

Mkononi beba boksi la chokoleti au maua. Kadi usiisubiri siku hiyo, ipeleke wiki ya kwanza ya Desemba, na kila atakayekupa kadi mrudishie. Kwenye sahani mtakuta kraka, bomba la karatasi ya kung'aa. Ni uvumbuzi wa muuza pipi wa London, Tom Smith, katika miaka ya 1840. Unashika ncha moja, jirani nyingine, mnavuta, inalia pwaa! Ndani kuna mzaha usiochekesha, usome kwa sauti, na taji la karatasi. Livae. Mumeo naye alivae, mwambie asilete ukubwa wake. Mtu mzima aliyekataa taji mezani hapo anaharibu sherehe kuliko aliyekataa nyama.

Saa tisa alasiri runinga itafunguliwa kwa hotuba ya Mfalme. Ilianza redioni mwaka 1932 kwa George wa Tano. Wengine wanasimama, wengine wanasinzia, wewe nyamaza dakika hizo kumi. Kisha zawadi kama hazijafunguliwa asubuhi, kisha chai na keki. Chai hiyo ikiisha, mwenyeji akasema "basi, siku imekuwa nzuri", anakuaga. Vaeni makoti. Ndani ya wiki mwandikie kikaratasi cha shukrani, kwa kalamu.

Halafu Idi waalike wao. Usiseme karibuni siku yoyote, hawatakuja. Taja tarehe na saa. Watafika dakika tano baada ya saa hiyo, wamebeba maua. Pilau usiizimue kwa ajili yao, ila karafuu na iliki nzima zitoe kabla ya kupakua, maana watazitafuna na kumeza bila kusema kitu.